Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mhariri Anajibu Kuhusu Mitindo, Utambulisho na Jarida la Vijana

Ujumbe unaofika kwenye dawati langu kutoka kwa wasomaji, wazazi, wapiga picha na vijana wanaotaka kuandika hurudia mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yananikereketa, mengine kwa mistari miwili kwa kuwa hayana zaidi ya hapo.

Mhariri wa jarida la mitindo hufanya kazi gani hasa? Anachagua nguo?

Nguo huchaguliwa na wengine, na wanaijua kazi hiyo kuliko mimi. Kazi yangu kubwa ni kukataa. Mpiga picha akirudi na picha 300 za msichana mmoja ndani ya koti moja, 299 hazitaonekana na mtu. Ile itakayobaki ndiyo itakayowaambia wasomaji huyu msichana ni nani: anacheka au amenuna, anaitazama kamera au anatazama pembeni, mikono iko mfukoni au imekakamaa kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha naamua picha ipewe ukurasa mzima au robo, kichwa cha habari kisemeje, na jina lake likae wapi. Msomaji hajui kwamba maamuzi hayo yamefanyika, lakini ndiyo anayoyasoma.

Kwa hiyo ukiniuliza nina maoni gani kuhusu vijana na mitindo, jibu langu karibu lote limo kwenye mambo madogo ya namna hiyo. Hotuba za kujikubali na kujiamini ni rahisi kuandika, na hakuna jarida lisilo nazo. Tazama jina la kijana tumeliandikaje chini ya picha na ngozi yake imetokaje, ndipo utuhukumu.

Fasheni na mtindo ni kitu kimoja?

Hapana. Fasheni huja na tarehe zake: msimu huu mabega mapana, msimu ujao mabega yaliyolegea. Mtindo una mwenyewe. Wape vijana wawili shati jeupe la aina moja. Mmoja atafunga vifungo mpaka kooni, mwingine atakunja mikono mara mbili na kuiacha ncha moja nje ya suruali. Shati ni lile lile, ila sasa unaweza kuwatofautisha hata wakiwa wamekupa mgongo.

Mfano ninaoupenda ni jalada la Novemba 1988 la jarida la mitindo la Vogue, toleo la Marekani, la kwanza chini ya mhariri Anna Wintour. Mwanamitindo Michaela Bercu alivaa koti fupi la mbunifu Christian Lacroix lililonakshiwa kwa mawe yanayometameta, koti la bei ya juu mno, na chini yake suruali ya jinzi. Sketi iliyokusudiwa kuvaliwa na koti lile haikumkaa, ndipo jinzi ikaingia. Wintour mwenyewe amesimulia kwamba wachapaji walipiga simu kuuliza kama picha ile haikuwekwa kimakosa. Koti wamelizoea na jinzi wameizoea. Walichokuwa hawajakizoea ni kuviona kwenye mwili mmoja, mtu yuko nje barabarani, nywele zinapeperuka, macho yamefumba nusu. Vijana walikuwa wanachanganya nguo namna hiyo siku nyingi, jarida ndilo lililochelewa kuwaona.

Mnajuaje vijana wanataka kusoma nini, na ninyi ni watu wazima?

Swali la haki, na lina historia yake. Jarida la wasichana la Seventeen lilipoanza Marekani mwaka 1944, mhariri wake akiwa Helen Valentine, watu wa upande wa matangazo walitumia utafiti uliofanywa kwa wasomaji kumtengeneza msichana wa kubuni. Wakamwita Teena. Wakampeleka kwa wafanyabiashara: huyu hapa, ana umri huu, ana pesa hizi, anapenda hivi. Ilikuwa kazi ya akili nyingi na ilifaulu. Lakini tangu hapo majarida ya vijana yamekuwa na wasomaji wawili, kijana mwenyewe na mfano wake uliobandikwa ukutani katika idara ya biashara. Mhariri akichoka huanza kumwandikia yule wa ukutani, maana yule habishi.

Dawa niliyonayo ni kuuliza vizuri. Ukimwuliza kijana anapenda nini, atakujibu anachodhani unataka kusikia. Mwulize mara ya mwisho alipovua nguo na kuvaa nyingine kabla ya kutoka nyumbani, ilikuwa kwa sababu gani. Hapo maneno yatamiminika: kaka alicheka, suruali ilimbana kiunoni, alikuwa anakwenda kuonana na mtu, alijiona kama mama yake kwenye kioo. Kila jibu hapo ni makala inayojitegemea.

Sassy, jarida jingine la wasichana lililotoka Marekani kuanzia 1988 hadi 1996, lilikwenda mbali zaidi. Liliwahi kuwaachia wasomaji watengeneze toleo zima wenyewe. Jambo hilo linatisha kuliko linavyosikika, kwa sababu vijana wakipewa kalamu hukata kwanza kurasa ambazo watu wazima wanazionea fahari.

Mbona hamwandiki kwa misemo ya vijana?

Kwa sababu watatucheka, na watakuwa wametutendea haki. Msemo unaotamba leo, mpaka jarida lihaririwe, lipangwe, lichapwe na kusafirishwa, walioubuni wameshautupa. Watakaokuwa wamebaki nao ni watangazaji wa redio na wajomba kwenye harusi.

Kanuni yetu ni hii: maneno ya aliyehojiwa hatuyanyooshi. Kijana akisema kitu kwa namna yake, kinabaki ndani ya alama za kunukuu kama kilivyotoka kinywani, hata kama mwalimu wake wa lugha ataumwa kichwa. Maneno ya mwandishi yawe lugha nyepesi ya kawaida. Mtu mzima anayejivisha misemo ya watoto anafanana na mtu aliyeazima viatu vya mwenzake, anatembea lakini kila mtu anaona vimempwaya.

Mnapoandika kuhusu mtu, mnataja dini yake, asili yake, ulemavu wake?

Ikiwa habari haiwezi kueleweka bila hilo, tunataja. Ikiwa inaeleweka, tunaliacha. Kanuni ni fupi, kazi ni ndefu. Hebu tufanye tuna picha ya kijana anayetembelea kiti cha magurudumu, amevaa koti la buluu alilolirekebisha mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya maelezo ya picha itasema: "Licha ya ulemavu wake, anapenda kupendeza." Hiyo inakwenda kapuni, kwa sababu neno *licha* limekwisha kuamua kwamba watu wenye ulemavu kwa kawaida hawapendi kupendeza. Rasimu ya pili inajaribu kuwa na adabu, inaandika: "Akiwa amevaa koti la buluu." Safi, na haina uhai. Ya tatu inatoka baada ya mwandishi kurudi kuuliza swali alilopaswa kuuliza tangu mwanzo: "Amekata pindo la mbele la koti kwa sababu mtu aliyeketi hukalia nusu ya nguo yake, mgongoni ameliacha fupi zaidi lisijikunje." Sasa kiti kimetajwa bila kutajwa, na msomaji yeyote anayeketi kutwa nzima amejifunza kitu cha ushonaji.

Jarida la Dazed & Confused la Uingereza lilionyesha njia Septemba 1998, pale mbunifu Alexander McQueen alipoalikwa kuwa mhariri wa toleo. Watu wenye ulemavu walivishwa nguo za wabunifu wakubwa na kupigwa picha kwa uzito uleule wanaopewa wanamitindo, na mwanariadha Aimee Mullins akawekwa kwenye jalada akiwa na miguu yake bandia ya kukimbilia. Hakuna aliyefunikwa blanketi magotini. Zaidi ya miaka 25 imepita, na bado naletewa picha ambamo kiti cha magurudumu kimekatwa kwenye fremu "ili picha ipendeze".

Kuweka watu wa kila rangi na kila umbo siyo fasheni tu nayo, itapita?

Kwa wengine ndiyo, na dalili yake utaiona: sura mpya mwezi mmoja wa mwaka, miezi 11 kama kawaida.

Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa cha biashara, kwamba jalada lenye mtu mweusi haliuzi. Mwanamitindo mweusi Donyale Luna aliwekwa kwenye jalada la Vogue ya Uingereza Machi 1966, na sehemu kubwa ya uso wake ilikuwa imefunikwa na vidole vyake mwenyewe. Vogue ya Marekani, iliyoanza 1892, ilisubiri mpaka Agosti 1974 ndipo ikamweka Beverly Johnson. Kisha Julai 2008 Franca Sozzani, mhariri wa Vogue ya Italia, akatoa toleo ambalo kurasa zake za mitindo zilijaa wanamitindo weusi, picha zikipigwa na Steven Meisel. Toleo likaisha sokoni, likabidi lichapwe tena. Kisingizio kilipaswa kufa siku ile.

Mimi siangalii sana nani yuko kwenye jalada. Naangalia nani yuko nyuma ya kamera, nani anaandika, nani anashika pesa ya toleo. Tyler Mitchell alipompiga picha Beyoncé kwa toleo la Septemba 2018, alikuwa na umri wa miaka 23 na alikuwa mpiga picha mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la Vogue ya Marekani. Piga hesabu mwenyewe kutoka 1892.

Mbona nikipigwa picha ngozi yangu nyeusi inatoka kama majivu, au sura haionekani kabisa?

Ulaumu mwanga kabla hujaulaumu uso wako. Swali hili nitalijibu kwa kirefu kwa sababu kuna vijana wengi wanaoamini hawapendezi kwenye picha, kumbe hawajawahi kupigwa na mtu anayejua.

Enzi za kamera za filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak, kampuni ya filamu za kamera, yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Wengine wote walipimwa kwa ngozi yake. Uwezo wa filamu wa kuonyesha rangi za kahawia uliboreshwa baadaye, na miongoni mwa waliosukuma jambo hilo ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Soma tena sentensi hiyo polepole ukitaka.

Kamera ya leo ina uwezo mkubwa zaidi, ila bado hukisia. Ikiachiwa kazi peke yake hujaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wako unazama gizani. Uso mweusi ukijaza fremu, inaona giza, inazidisha mwanga, na ngozi inageuka kijivu. Kwa hiyo: mandhari ya nyuma yawe ya rangi iliyokolea au ya wastani. Mwanga utoke pembeni na uwe mpana, kwa mfano dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, na upande wa pili shika karatasi kubwa nyeupe iurudishe usoni. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo ili kamera ipime hapo. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa namna mwanga unavyoteleza juu yake, kwa hiyo mafuta kidogo kwenye mashavu na mabega husaidia kuliko poda, na poda ya rangi isiyokuwa yako ndiyo inayoleta yale majivu.

Na baada ya picha kupigwa, mtu asiing'arishe. Kwetu, picha iliyorudi ngozi ikiwa imepandishwa rangi hairekebishwi. Tunadai ile ya asili.

Mnarekebisha picha kwa kompyuta?

Rangi, mwanga na mavumbi, ndiyo. Chunusi iliyotokea asubuhi ya kupigwa picha tunaiondoa mwenyewe akitaka. Kovu, alama ya kuzaliwa, michirizi, pengo, ukubwa wa kiuno: haviguswi.

Mwaka 2012 msichana wa miaka 14 huko Marekani alianzisha ombi la mtandaoni akilitaka Seventeen lichapishe walau kurasa za picha zisizorekebishwa kila mwezi. Saini zilipita 80,000, na jarida likaahidi kwa maandishi kwamba halitabadilisha umbo la mwili wala uso wa wasichana. Ufaransa, kuanzia Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwanamitindo amepunguzwa au kuongezwa umbo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, la sivyo faini ni euro 37,500. Norway nayo ina sheria yake tangu Julai 2022, na inawabana hata watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza. Lakini ona mwanya uliopo: sheria hizi zinahusu matangazo. Kurasa za kawaida za jarida zimeachwa kwenye dhamira ya mhariri.

Tena kuna udanganyifu mwingine usiohitaji kompyuta. Gauni uliloliona limemkaa mwanamitindo kama limemwagwa juu yake, mgongoni limebanwa kwa safu ya klipu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Suruali imekunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa pini. Viatu vimejazwa karatasi mbele. Anasimama, hageuki, hakai. Halafu wewe unajaribu nguo ileile dukani, inakupwaya mgongoni, unarudi nyumbani ukidhani mwili wako una kasoro. Ndiyo maana tumeanza kuchapisha baadhi ya picha za mgongoni, klipu zikiwa zinaonekana. Baadhi ya wabunifu hawakufurahi.

Picha za watu zilizotengenezwa na akili mnemba hatuchapishi kwenye kurasa za mitindo. Mtu asiyekuwepo hawezi kuniambia kwa nini amevaa hivyo.

Wanamitindo wenu wana umri gani?

Kwa kurasa za mitindo, miaka 18 kwenda juu. Mwaka 2012 wahariri wa matoleo 19 ya Vogue duniani walikubaliana kutofanya kazi na walio chini ya miaka 16, na mwaka 2018 kampuni ya Condé Nast, mmiliki wa Vogue, ikapandisha mpaka 18. Nakubaliana na huo wa juu. Mtoto wa miaka 15 aliyevishwa suti ya mtu mzima na kupakwa rangi ya mdomo humfanya mwanamke wa miaka 30 ajione kazeeka, na humfanya mtoto mwenzake wa miaka 15 ajione kachelewa.

Vijana wadogo wanaingia kwenye jarida kama wao wenyewe, kwenye makala zinazowahusu, kwa nguo zao, mzazi au mlezi akiwa ameridhia kwa maandishi. Jina la shule na njia anayopita kwenda nyumbani haviandikwi, hata kama yeye anaona haidhuru.

Je, ninachovaa kinaonyesha mimi ni nani?

Kinaonyesha leo ulitaka uonwe vipi, na mara nyingine kinaonyesha tu kipi kilikuwa kimefuliwa. Tusiibebeshe nguo mzigo kuliko uwezo wake. Nawajua watu wenye misimamo mikali ya maisha wanaovaa sare ya kazi siku sita kwa wiki, na watu waliojaa mapambo ambao ukiwauliza swali la pili hawana la kusema.

Kwa sababu hiyo niliziondoa zile chemsha bongo za "Wewe ni msichana wa aina gani?" Zilipendwa, nakiri zilikuwa zinachekesha, na ndizo zilizokuwa zinachanwa na kupitishwa darasani. Lakini zilimpa msomaji vyumba vinne achague kimoja, mpole, mcheshi, mwanamichezo, mrembo, na hakuna mtu wa miaka 16 anayekaa chumba kimoja hata wiki moja. Kijana ana ruhusa ya kuvaa nyeusi tupu Januari na maua Machi bila kutoa taarifa kwa yeyote. Kazi ya jarida ni kumwonyesha vitu vingi vya kujaribu, kisha kunyamaza.

Nikivaa vazi la utamaduni wa watu wengine, nimekosea?

Inategemea unavaa nini, wapi, na nani anapata pesa. Vazi la ibada au la cheo liache kwa wenyewe. Vazi la kila siku ulilolinunua kwa aliyelishona, vaa na umtaje.

Ugomvi mkubwa hauko kwa kijana aliyevaa, uko kwa kampuni iliyochukua. Mwaka 2019 Wizara ya Utamaduni ya Mexico iliiandikia barua kampuni ya mitindo ya Carolina Herrera ikitaka maelezo kuhusu nakshi zilizotumika kwenye nguo zake mpya, zikiwamo nakshi za wanyama na maua za mji wa Tenango de Doria nchini humo, ambazo jamii yake inajulikana. Kampuni ilijibu kwamba ilikusudia kuenzi. Kwenye kurasa zetu, tukionyesha nakshi yenye asili, tunaandika asili yake ndani ya maelezo ya picha, siyo mwishoni kwa herufi ndogo. Mbunifu asiyeweza kusema nakshi imetoka wapi, kurasa zetu zinampita.

Nguo mnazoonyesha hatuzimudu. Mnaziweka za nini?

Malalamiko haya yana ukweli. Zamani kidogo, mwaka 1980, Terry Jones aliyewahi kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Vogue ya Uingereza alianzisha i-D, kijarida cha kurasa zilizobanwa kwa pini. Watu walisimamishwa barabarani, wakaegemezwa ukutani, wakapigwa picha kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha wakaulizwa wamevaa nini na wamekipata wapi. Nguo za kurithi, za mitumba, za kujishonea. Ukurasa ule ulikuwa na mambo zaidi ya kuiga kuliko picha nyingi za studio, kwa sababu kila kitu kilichomo kilikuwa kimeshawezekana kwa mtu fulani.

Tunafuata mkondo huo kwa sehemu kubwa ya jarida. Kurasa za nguo ghali zimebaki chache, nazo zina kazi: kumwonyesha msomaji ushonaji mzuri unafananaje, ili akiwa kwenye rundo la mitumba aitambue mishono iliyofungwa vizuri, bitana iliyokaa, michirizi ya kitambaa inayokutana kwenye mshono wa bega. Bei zote tunaziandika. Maneno "bei kwa maulizano" siyapendi, maana humfanya msomaji aone aibu kuuliza.

Na wavulana?

Wamesahauliwa sana, na wanaandika barua fupi zaidi lakini zenye wasiwasi uleule: wembamba, urefu, ndevu ambazo hazijaota. Ushauri tunaourudia ni mmoja: mshono wa bega ukae kwenye mfupa wa bega. Mikono na urefu wa shati fundi atavipunguza kwa muda mfupi. Bega likikosewa, shati zima halina dawa rahisi.

Mtangazaji akilipa, anaandikwa vizuri?

Akilipa, anapata ukurasa wenye maandishi makubwa kwamba ni tangazo. Makala hazinunuliwi. Najua ni rahisi kusema. Sassy lilipoandika waziwazi kuhusu mapenzi na ngono katika mwaka wake wa kwanza, makundi ya kidini yaliwashinikiza watangazaji, kadhaa wakajitoa, na jarida likalazimika kupunguza makali. Kila mhariri wa jarida la vijana anaijua hadithi hiyo, na bidhaa ninayoikataa kabisa ni ya kung'arisha ngozi, hata ikileta pesa ya toleo zima.

Mimi ni mzazi. Kwa nini mnawajaza watoto mawazo ya mavazi badala ya masomo?

Mtoto wako anafikiria mavazi tayari, na anayemfundisha sasa hivi ni simu, inayomletea video inayofuata kwa kuangalia ile iliyopita. Jarida lina ukurasa wa mwisho. Lina mtu unayeweza kumwandikia ukamkaripia, kama unavyofanya sasa, na nashukuru. Lisome kwanza wewe, kisha liache mezani bila kusema kitu. Ukimkabidhi mkononi, halisomi.

Karatasi bado ina maana? Vijana wote wako mtandaoni.

Jarida la Teen Vogue liliacha kuchapwa kwenye karatasi mwaka 2017. Jarida la The Face la Uingereza lilifungwa 2004, likafufuliwa 2019. Mimi siishabikii karatasi kwa kuwa ni karatasi. Napenda tu kwamba ukurasa haubadiliki kulingana na aliyeubofya: ndugu wawili wanaogombana kuhusu picha fulani wanagombania picha ileile.

Nataka kuandika au kupiga picha kwa ajili yenu. Nianzie wapi?

Usitume "makala kuhusu urembo". Tuma jambo dogo ulilolishuhudia na linalokusumbua: kwa nini marafiki zako wote wanavaa saa zisizofanya kazi, au nani anayeamua viatu gani ni vya aibu shuleni kwenu. Aya mbili zinatosha. Useme umeongea na nani na nani mwingine utaongea naye.

Mpiga picha, tuletee mtu mmoja katika picha tano, usituletee watu watano kila mmoja na picha yake. Nataka kuona kama ulikaa naye mpaka akaacha kujipanga. Picha zitume kama faili kamili kwa barua pepe, kwa sababu zikipita kwenye programu za kutumiana ujumbe hubanwa, na zikibanwa hazichapiki.

Tukikaa kimya, tukumbushe mara moja. Tukikaa kimya tena, peleka kwa jarida jingine bila kinyongo. Wakilichapisha, nitalisoma huko na kujuta.